Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): maswali yanayojirudia kuhusu historia yake na hadhi yake nje ya nchi

Maswali haya huulizwa na wazazi wa vijana waliomaliza kidato cha sita, na wahitimu wanaotafuta nafasi ya umahiri nje, na wageni wanaoshuka Dodoma na kuyaona yale majengo ya Chimwaga kwa mbali. Mwenye haraka aruke moja kwa moja kwenye swali lake. Jibu likitegemea jingine, utaelekezwa.

## Mambo ya msingi

UDOM ndicho chuo kikuu cha taifa?

Ni cha umma, yaani mali ya serikali. Ila Tanzania haina chuo kimoja chenye cheo cha "chuo kikuu cha taifa". Kilichobeba sifa hiyo kwa miaka mingi ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Julai 1970 kikasimama chenyewe. Baadaye kikaja Sokoine mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, kisha vingine. UDOM ni wa kizazi cha 2007, mwaka ambao Ardhi na Muhimbili navyo vilipata hadhi ya kuwa vyuo vikuu kamili.

Kilianzishwa lini, na nani?

Hati idhini ilisainiwa na Rais Jakaya Kikwete tarehe 28 Machi 2007, na masomo yakaanza Septemba mwaka huohuo. Kati ya saini na kengele ya kwanza ni kama miezi sita. Hesabu hiyo uiweke akilini, kwa sababu malalamiko mengi ya miaka ya mwanzo (walimu wachache, maktaba changa, mabweni yanayomaliziwa watu wakiwa ndani) yanatokana nayo.

Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, ambaye ndiye mtendaji wa kila siku, alikuwa Profesa Idris Kikula. Alikaa miaka kumi hivi, na wengi wa hapa mjini wakisikia "wakati wa Kikula" wanajua zinazungumziwa zama za kujenga. Baadaye alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Madini.

Kwa nini kikajengwa Dodoma?

Kwa sababu Dodoma ilikuwa makao makuu ya karatasi. TANU iliamua kuhamishia makao makuu hapa Oktoba 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa, ramani zikachorwa. Bunge lilikuja miaka ya 1990, lakini wizara zikabaki Dar es Salaam. Mji ukawa unajaa wakati wa vikao na kunywea vikiisha.

Chuo kikuu kilikuwa na faida moja ambayo wizara haikuwa nayo: wanafunzi hawana hiari. Ukipangiwa Dodoma, unakuja. Maelfu ya vijana waliingia kila Oktoba wakihitaji chumba, chakula, nauli, steshenari na simu kutengenezwa. Vijiji vya pembeni kama Ng'ong'ona vikageuka mitaa ya vyumba vya kupanga. Kwa maoni yangu chuo ndicho kilichoufanya mji uwe tayari kupokea serikali, na serikali ilipokuja kweli, mlango wa kwanza iliobisha ulikuwa wa chuo (tazama swali kuhusu wizara).

Kiko wapi hasa? Naona watu wanapotea.

Kiko Chimwaga, kama kilomita 8 mashariki mwa katikati ya mji. Wanaopotea hawapotei njiani, wanapotea wakishafika. Eneo ni kama hekta 6,000, na kila ndaki (kitengo cha chuo chenye fani zake) imejengwa kivyake juu ya mwinuko wake, na kati ya moja na nyingine kuna pori la miiba. Kumwambia dereva wa bodaboda "nipeleke UDOM" haitoshi, mtajie ndaki: Elimu, Insia na Sayansi za Jamii, Informatiki, Sayansi Asilia, Tiba, au ile ya Sayansi za Ardhi na Uhandisi. Mzazi unayemleta mtoto kwa treni ya SGR kutoka Dar, safari ya takriban saa nne, mwulize ndaki yake kabla hamjashuka, maana mzigo wa mwaka wa kwanza na jua la Oktoba ni mambo mawili yasiyopatana.

Je, ni chuo kimoja na St. John's?

Hapana. St. John's ni chuo cha Kanisa Anglikana, nacho kilianza 2007, kwenye eneo la iliyokuwa sekondari ya Mazengo. Kuzaliwa mwaka mmoja katika mji mmoja ndiko kunakowachanganya watu. Vyuo vya Mipango, CBE na Hombolo navyo vinajitegemea. Ukiomba nafasi au mkopo, angalia jina lote la chuo.

## Historia yake

Kabla ya chuo, pale Chimwaga palikuwa na nini?

Palikuwa na ukumbi wa CCM. Chama kilifanyia pale mikutano mikuu, na humo ndimo Mkapa alipopitishwa kuwa mgombea urais mwaka 1995, kisha Kikwete mwaka 2005. Miaka miwili baada ya kupitishwa pale, Kikwete akasaini hati ya chuo kilichoanzia kwenye majengo yaleyale. Mtu aliyezaliwa baada ya hapo huenda hajui kwamba "Chimwaga" liliwahi kuwa neno la siasa kabla ya kuwa neno la masomo.

Fedha za ujenzi zilitoka wapi?

Sehemu kubwa ilitoka kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Mifuko ilijenga, serikali ikaahidi kulipa. Ndiyo sababu majengo yaliota haraka kiasi kile. Deni lenyewe halikulipwa kwa kasi ileile, na kwa miaka kadhaa lilitajwa katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kwenye mijadala ya Bunge. Kwa hiyo mfanyakazi aliyekatwa michango yake miaka ile, hata kama hajawahi kukanyaga Dodoma, ana tofali lake pale.

Awamu ya karibuni ya ujenzi inatoka mahali pengine: mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya taasisi mbalimbali nchini. Kwa UDOM mradi huo umebeba pia ujenzi wa kampasi ya Njombe.

Ni kweli ndicho kikubwa kuliko vyote Afrika Mashariki?

Inategemea unapima nini. Kwa ardhi na majengo yaliyosimamishwa kwa mpigo, hakuna wa kubishana sana. Kwa wanafunzi, lengo lililotangazwa mwanzoni ni 40,000, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimewahi kuwa na wengi kuliko hapo. Kwa utafiti, bado kabisa. Sentensi ya "kikubwa kuliko vyote" imesaidia kuvutia wageni wa kiserikali, ila mwajiri wa Nairobi au profesa wa Ujerumani hajali chuo chako kina hekta ngapi.

Mwaka 2016 kulitokea nini? Wengine bado wanasema chuo "kilifungwa".

Chuo hakikufungwa. Walioondolewa ni wanafunzi wa programu moja.

Mwaka 2014 serikali ilianzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia, ikichukua vijana waliomaliza kidato cha nne, ili kupunguza uhaba wa walimu wa masomo hayo. Ikawekwa UDOM kwa sababu nafasi ilikuwepo. Mwishoni mwa Mei 2016 walimu waligoma kufundisha programu hiyo wakidai malipo, na serikali ikawaamuru wanafunzi wake, zaidi ya 7,000, waondoke chuoni. Vijana wa miaka 17 na 18 walionekana stendi na masanduku, wengine hawana nauli ya kufika kwao. Bungeni, kilomita chache kutoka hapo, wapinzani walitaka hoja ijadiliwe kwa dharura, wakakataliwa, na kikao kikavurugika. Mwanzoni mwa Juni Rais John Magufuli akasema hadharani kwamba hao hawakustahili kuwa chuo kikuu, na neno "vilaza" likaingia kwenye mazungumzo ya nchi nzima.

Baada ya uhakiki, wachache wenye ufaulu wa juu walirudi UDOM, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu vya serikali, na wasio na sifa wakaambiwa watafute kozi nyingine. Binafsi naona lawama ilielekezwa upande mbaya. Kijana aliyeitwa kwa barua ya serikali hakujichagulia mwenyewe. Wanafunzi wa shahada hawakuguswa na jambo hili, na vyeti vyao havina doa kwa ajili yake.

Historia ina mizunguko yake: Novemba 2019, katika mahafali ya kumi, UDOM ilimtunuku Rais Magufuli shahada ya heshima ya uzamivu.

Wizara ziliwahi kweli kukaa chuoni?

Ndiyo. Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma, majengo ya ofisi yalikuwa haba. UDOM ilikuwa na nafasi, kwa hiyo wizara kadhaa zikaweka meza zao ndani ya majengo ya chuo. Kwa miaka michache mwanafunzi aliweza kupanda ngazi zilezile na katibu mkuu. Mji wa Serikali wa Mtumba ulipozinduliwa Aprili 2019, wizara zilianza kuhamia huko. Katikati ya mambo hayo, CDA ilivunjwa Mei 2017 na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018.

Hospitali ya Benjamin Mkapa ni ya chuo?

Ni jirani na mshirika, ila ina utawala wake. Imejengwa eneo la chuo, na wanafunzi wa tiba na uuguzi hujifunzia hapo. Mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Kwa nchi ambayo wagonjwa wa figo walikuwa wakipelekwa India, hilo lilikuwa jambo kubwa, na limeipa Dodoma jina katika tiba kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

## Hadhi ya kimataifa

Shahada ya UDOM inatambulika nje ya nchi?

Ndilo swali linalorudiwa kuliko yote. Jibu fupi ni ndiyo. Kirefu chake ni hiki: hakuna ofisi moja duniani inayotambua shahada kwa niaba ya nchi zote. Kila nchi huanza kwa kuuliza kama chuo kimeidhinishwa kwao kilikotoka. Kwa Tanzania mwenye neno hilo ni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na UDOM ni chuo cha umma chenye hati idhini. Hatua ya kwanza imekwisha kabla hujaomba.

Hatua ya pili ni nchi unayokwenda. Ujerumani ina kanzidata iitwayo anabin, ambamo vyuo vya dunia hupangwa kwa alama. Uingereza ina kituo cha kutathmini vyeti vya nje kiitwacho UK ENIC. Waajiri na vyuo vya Marekani na Canada mara nyingi hutaka tathmini ya taasisi kama WES. Tafuta jina kamili, "The University of Dodoma", usitafute kifupi tu.

Hatua ya tatu inahusu programu yako, na hapa ndipo watu hukwama. Chuo kinaweza kutambulika na kozi yako bado ikahitaji idhini ya bodi ya taaluma. Madaktari na wahandisi wasome swali lao chini.

UDOM inashika nafasi ya ngapi duniani?

Nafasi gani, ya orodha ipi, ya mwaka upi? Mtu akikutumia picha ya orodha kwenye WhatsApp, anza kwa kuuliza hayo matatu.

Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, huhesabu pamoja na mengine washindi wa Nobel waliosoma au kufundisha chuoni. Kwa chuo kilichozaliwa 2007 huo mchezo haujaanza. QS hutoa sehemu kubwa ya alama kwa kura za maoni za wanataaluma na waajiri, yaani umaarufu, na umaarufu hufuata umri. Times Higher Education haikuingizi kwenye orodha yake kuu ya dunia kama chuo hakijafikisha machapisho yapatayo 1,000 ndani ya miaka mitano. Webometrics ya Hispania hutazama zaidi uwepo wa chuo mtandaoni, na ndiyo maana vyuo vya Afrika huipenda: tovuti nzuri na hazina ya machapisho iliyo wazi huweza kukupandisha.

Kwa hiyo nafasi ya UDOM hupanda na kushuka kulingana na nani anapima. Mwanafunzi anayechagua chuo atafaidika zaidi akiuliza idara yake ina maprofesa wangapi, maabara inafanya kazi, na waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi. Orodha hazikuambii hayo.

Kwa nini Makerere na Dar es Salaam hutajwa nje zaidi?

Umri. Makerere ni ya 1922. Viongozi, majaji na waandishi wa kanda nzima walipita humo, na kila mmoja alibeba jina la chuo alikokwenda. UDOM ilipoanza, walimu wake wengi walikuwa vijana wenye shahada ya kwanza au ya umahiri, wakapelekwa kusoma uzamivu ndani na nje, China wakiwemo wengi. Mtu huyo akirudi, humchukua miaka mingine kuchapisha na kusimamia wanafunzi wake mwenyewe. Chuo kinaiva polepole kama mti wa mbuyu, hata kama majengo yake yalisimamishwa ndani ya miaka mitano.

Pana mambo ambayo Dodoma ina faida nayo na mwingine hana: utafiti wa maeneo makavu yenye mvua za kubahatisha, zabibu, ufugaji wa Wagogo, michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na sasa serikali nzima ikiwa mlangoni kwa wanaosoma utawala na sera. Chuo kikijulikana nje kwa hayo, kitajulikana kwa haki.

Kina uhusiano gani na vyuo vya nje?

Kimo katika Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala. Uhusiano unaoonekana kwa macho ni Taasisi ya Confucius, iliyofunguliwa 2013 kwa ushirikiano na chuo cha Zhengzhou, China. Vijana wa hapa wamejifunza Kichina humo, wakapata ufadhili, na wengine sasa wanatafsiri kwenye makampuni ya ujenzi. Makubaliano mengine ya ushirikiano husainiwa mara kwa mara, lakini yenye thamani ni yale ambayo mwanafunzi au mwalimu alipanda ndege kwa ajili yake.

GPA yangu ni 3.8. Wamarekani wananiona nimefanyaje?

Wakidhani ni ya 4, wanakuona karibu bingwa. Ukweli ni kwamba vyuo vyetu hutumia kipimo cha 5: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni kupita. Kwa hiyo 3.8 ni daraja la pili la juu, matokeo mazuri.

Usijigeuzie mwenyewe kwa kuzidisha na kugawanya. Andika "3.8 kati ya 5.0" na uambatishe transkripti yenye maelezo ya madaraja. Anayepokea ana jedwali lake. Kujiandikia 3.8 bila kipimo huweza kuonekana udanganyifu, hata kama hukukusudia.

## Maswali ya pembeni

Mimi ni daktari au mhandisi. Majibu ya juu yananitosha?

Hayatoshi. Daktari, anza na orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari inayosimamiwa na WFME na FAIMER, kisha baraza la madaktari la nchi unayokwenda. Karibu kila nchi itakupa mtihani wake, na itataka barua ya kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika kuonyesha hadhi yako.

Mhandisi, ndani ya Afrika Mashariki una unafuu: makubaliano ya mwaka 2012 kati ya bodi za Kenya, Uganda na Tanzania yanamruhusu mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na bodi moja kutambuliwa na nyingine. Zingatia neno "aliyesajiliwa". Cheti cha chuo peke yake, bila usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), hakikupitishi.

Naombwa cheti cha Kiingereza, na nimesoma kwa Kiingereza miaka yote. Nifanye nini?

Omba chuoni barua inayothibitisha kwamba lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Vyuo vingi vya nje huipokea badala ya IELTS, vingine havipokei, na ubalozi unaweza kuwa na sharti lake. Uliza kabla ya kulipia mtihani.

Mimi ni Mkenya (au Mrundi, au Mkongo). Naweza kusoma UDOM?

Unaweza. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Mei 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, na lengo likiwa mwanafunzi wa nchi mwanachama asitendewe kama mgeni wa mbali. Kwa vitendo, matokeo yako ya sekondari yatalinganishwa na ya Tanzania kabla ya kupokelewa, na utahitaji kibali cha ukaazi cha wanafunzi, daraja C. Anza mapema. Na lete koti: watu husikia "nusu jangwa" wakadhani ni joto mwaka mzima, wakati Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100 na upepo wa Julai asubuhi, unapovuka kutoka bweni kwenda darasani, hauna huruma.

Nilikuwa kwenye ile stashahada maalumu. Nikiulizwa na mwajiri wa nje nisemeje?

Sema ulivyo na karatasi. Kama ulimalizia chuo cha ualimu, cheti chako ni cha chuo hicho, na UDOM itaonekana kama mahali ulipoanzia. Usiandike umehitimu UDOM, kwa sababu uhakiki hufanywa kwa kuandikia ofisi ya usajili wa chuo moja kwa moja, na jina lisilokuwepo kwenye daftari la wahitimu humwondoa mtu kwenye orodha hata kama ana sifa nyingine zote. Historia ya kilichotokea (tazama swali la 2016) unaweza kuieleza kwa sentensi mbili kwenye barua ya maombi. Hakuna aibu ndani yake.